Miaka Kumi na Mitatu Kwenye Kiti cha Kuogopa

Mwende, mchoraji wa ofisi yetu ya Doha, ameniandikia mara tatu tangu nirudi Tanga, na mara zote ni maneno yale yale: "Mzee, tuandikie. Kuna wageni wameingia ofisini, wanauliza kile kiti ni cha nini na mbona kamera inaangalia sakafu." Haya basi, naandika. Nimekaa barazani na daftari, mke wangu Mwanahamisi yuko jikoni, na kila nikicheka peke yangu anachungulia kuona kama nimerukwa na akili. Nani alipandishwa cheo na nani alinyimwa hamtayakuta humu, hayo mtaambiana wenyewe. Mimi nitawaeleza kiti, kamera ya miguu, mikate mikavu na soksi zangu. Habari ya soksi wengine mmeisikia nusunusu na kila mtu ameitia chumvi yake, kwa hiyo leo naisema yote.

Kwa asiyenijua, mimi ni Bakari, na kwa miaka kumi na mitatu kule Doha kazi yangu ilikuwa kuogopa.

Nilianza kama mlinzi wa mlango. Jengo lilikuwa mtaa wa Najma, la ghorofa nne, chini kuna duka la mashuka na kibanda cha chai ya karak, juu wapangaji wa kila namna. Ghorofa ya tatu kulikuwa na ofisi ndogo ambayo sikuielewa. Watu sita, mapazia yamefungwa mchana kutwa, na mara kwa mara kilio cha mtu anayechinjwa. Siku moja wapangaji wa ghorofa ya pili wakaja kwangu kulalamika. Nikapanda na gilasi yangu ya karak mkononi, nimevaa uso wa kazi, nikabisha na kuingia.

Mbele yangu palikuwa na skrini kubwa. Mwanasesere ameketi mezani, ametupa mgongo. Nikasimama kumwangalia, si ujinga huo. Kichwa chake kikaanza kugeuka, polepole, kikageuka mpaka kikatukabili, na hakikuwa na macho. Nilipiga ukelele, "Mama yangu wee!" Karak ikaruka na gilasi yake ikatua juu ya kibodi ya mwanamke aliyekuwa mezani. Nilijua papo hapo kwamba ulinzi wangu umeishia pale.

Yule mwanamke ndiye Achieng, Mkenya wa Kisumu, mwenye ofisi. Kibodi hakuitazama hata kidogo. Alinitazama mimi kama mtu aliyeokota hereni yake iliyopotea.

"Mzee, hebu toka nje uingie tena."

"Nimeharibu mashine, dada. Unisamehe."

"Mashine itanunuliwa nyingine. Toka uingie. Na this time vua viatu."

Ofisi ile, kama mnavyojua, ilikuwa ikitengeneza katuni fupi za kutisha, dakika mbili tatu, kwa ajili ya Halloween. Kwa wasomaji wa huku nyumbani: hiyo ni sikukuu ya wenzetu wa ng'ambo, mwisho wa Oktoba, watu huvaa kama maiti na kutishana kwa hiari yao. Shida ya Achieng ilikuwa hii. Mtu akichora mwanasesere yule yule mwezi mzima, hawezi tena kujua kama anatisha. Alikuwa akiwaleta marafiki zake watazame, lakini marafiki zake karibu wote walikuwa manesi, na nesi anakula chapati huku ameshika bakuli la damu. "Nahitaji mtu mwoga na mkweli," akaniambia. Nikamjibu kwamba uoga ninao wa kutosha, ukweli awaulize wanaonifahamu. Tukacheka. Baadaye jibu hilo lilikuja kunikera sana.

Nilipompigia simu Mwanahamisi kumweleza, aliangua kicheko. "Wewe Bakari? Wewe unayeniita nikutolee mjusi chooni, ndiyo wamekuajiri uogope?" Nikamwambia ndiyo hasa sababu.

Sasa kiti. Ni kile cha mbao chenye mto wa kijani, na naomba mto usibadilishwe. Unaketi peke yako, taa zinapunguzwa, filamu inaanza. Kamera moja inakutazama uso. Picha zake huungwa na kuuzwa pamoja na filamu, maana watu wanapenda kuona mwenzao akitishika kuliko kutishika wenyewe. Kwa ajili ya kamera hiyo nimeshindwa kununua vitunguu kwa amani dukani Al Thumama. Mtoto mmoja alinifuata rafu kwa rafu akimwambia mama yake kwamba huyu ndiye yule baba anayelia. Sijawahi kulia kwenye kiti, nililia mara moja tu, na ilikuwa filamu ya paka.

Kamera ya pili inatazama miguu, na hiyo ndiyo kamera ya kazi. Achieng alinieleza siku ya kwanza: mtu akijua anatazamwa uso unaanza kujipanga, lakini vidole vya miguu hakuna anayevikumbuka. Kwa hiyo unaketi pekupeku. Vidole vikijikunja vyote kumi, Achieng anasema neno moja, "Imepita," na filamu inatumwa. Visipojikunja hasemi kitu. Anarudi mezani kwake, anavuta kibodi, na sote tunajua wiki imeharibika.

Wageni pia mzoee msimu wetu. Halloween ni Oktoba lakini mteja anataka mzigo mapema Septemba, kwa hiyo mwezi wetu wa majinamizi ni Julai, nje jua linakukaanga na ndani AC imewekwa baridi ya kuhifadhi nyama kwa sababu ya mashine. Mwenye jengo, mzee wa Kiqatari tuliyemwita Abu Nasser, aliniuliza siku moja hasa tunafanya nini. Nikamweleza sikukuu yenyewe, watoto wanavyopita nyumba kwa nyumba kuomba peremende. Akafurahi. "Kumbe kama Garangao yetu ya Ramadhani!" Nikasema karibu sawa. Akafikiri. "Sasa maiti wa nini?"

Mwaka wangu wa tano, fundi wetu wa sauti alirudi kwao, na Achieng akaniuliza kama ningependa kujifunza. Nilipenda, na nilipenda kupita kiasi. Alinifundisha mwenyewe, saa nzima kila siku baada ya chakula. Mkate wa khubz unauacha juu ya kabati siku tatu mpaka ukauke, ndipo unakuwa mifupa. Mmoja unatosha kidole, mguu unataka miwili uliyoibana pamoja. Tende laini unazilowesha kisha unazifinya karibu na kipaza sauti, na hapo sina haja ya kuwaambia ni sauti ya nini. Mlango mbovu usirekodi mlango, rekodi kiatu cha ngozi kipya ukikikunja taratibu. Bakuli la tende liandikwe jina. Mwende, wakati huo mgeni ametoka Machakos wiki ile ile, alikula nusu bakuli akaja kuniuliza, "Mzee, mbona hizi tende ziko na maji hivi?" Nikamwambia hizo zilikuwa utumbo wa mwindaji wa filamu ya pili. Alinuna mpaka Alhamisi.

Basi hapo ndipo nilipojiharibia. Siku moja nimeketi kitini, gizani, kwenye skrini kiumbe kinatambaa ukutani na viungo vyake vinaalika, kah, kah, kah. Na mimi moyoni nasema: hii ni khubz ya Jumanne, ile iliyoungua upande mmoja. Sikushtuka. Nilitazama miguu yangu, vidole vimelala kama watoto walioshiba. Nikapata woga wa kweli wakati ule, lakini haukuhusiana na filamu. Mtu aliyeajiriwa kuogopa, akiacha kuogopa, ni nani?

Ningesema siku ile ile mambo yangeisha kwa kicheko. Sikusema. Nilijizoeza uso mbele ya kioo cha bafuni, macho, mdomo, na kale kaukelele ka mwanzo. Nikawa mwigizaji hodari hasa. Miguu ikanishinda, kwa sababu kukunja vidole makusudi kunaonekana kabisa, vinajikunja kama mtu anayeokota kalamu. Kwa hiyo nikavaa soksi. Nene, za kijivu, nilizinunua Souq, sokoni.

"Soksi za nini, Mzee?" Achieng akauliza.

"Baridi ya AC, dada. Umri nao."

"Aki pole. Basi nitaangalia uso." Akaniletea na shali yake nijifunike magoti. Shali ile ndiyo iliyoniumiza zaidi.

Msimu uliofuata ulikuja na filamu mnayoijua wote, *Bibi wa Lifti*. Bibi kizee anapanda lifti peke yake. Kila ghorofa mlango unafunguka, hakuna mtu, mlango unafungwa, na lifti inazidi kuwa nzito. Achieng alitukusanya kabla hatujaanza. Akasema misimu miwili tumeuza vibaya, na mteja mkubwa ametupa nafasi ya mwisho. "Hii ikianguka nafunga ofisi. Kila mtu atatafuta kwa kwenda, na mnajua vibali vyenu vya kukaa viko kwa jina la ofisi hii." Tulikuwa watu sita. Mwende alikuwa akisomesha wadogo zake wawili.

Nilitia sauti kwa mikono yangu. Mifupa kila ghorofa, tende kila mlango unapofungwa, na kiatu kikilia katikati. Niliona nimefanya kazi nzuri kuliko zote. Kisha, mtengenezaji wa sauti yule yule, nikaketi kitini na soksi zangu nikapiga ukelele mkubwa kuliko siku ya mwanasesere. Achieng alinitazama uso, akapumua kwa nguvu. "Imepita." Mwende akapiga makofi, na filamu ikatumwa.

Baada ya siku nne mteja alitujibu kwa video. Aliionyesha filamu yetu kwa ukumbi wa watu, akawarekodi. Ghorofa ya kwanza walikaa kimya. Ya pili wakatazamana. Ghorofa ya nne jamaa mmoja akachukua pakiti ya chipsi akawa anaifinya kuigiza mifupa yangu, na ukumbi mzima ukavunjika mbavu. Chini ameandika: tuliagiza ya kutisha, mna siku tisa.

Sikiliza uchungu wangu sasa. Achieng aliamini kosa liko kwenye mchoro, kwa sababu mimi nilikuwa nimeogopa, na mimi ndiye mizani yake. Akaanza kuchora upya uso wa bibi. Mwende akachora upya macho, amefunga plasta kwenye kidole cha kalamu, hainui kichwa hata kwa chakula. "Buda, labda nyusi ndiyo zinaleta comedy," ananiambia, na mimi naitikia kwa kichwa, mnafiki mkubwa. Siku tatu zikapita wakitengeneza kitu ambacho hakikuharibika. Siku ya nne asubuhi nilivua soksi mlangoni, nikazishika mkononi, nikaenda kusimama mbele ya meza ya Achieng.

"Dada, bibi hana kosa. Kosa ni langu. Mimi siogopi tena."

"Huogopi nini?"

"Chochote. Tangu nilipojifunza sauti. Karibu mwaka. Nimekuwa nikiigiza." Nikaweka soksi juu ya meza. "Ndiyo maana ya hizi."

Nilitegemea kelele. Achieng akikasirika husikika mpaka kibanda cha karak, na nilikuwa nimejiandaa kwa kelele hizo. Hakusema neno. Alizitazama soksi. Mwende aliacha kuchora. AC ikanguruma, ikazima, na chumba kikawa kimya kabisa, na Achieng bado hasemi. Nilitamani anitukane, anitupie kitu, chochote. Kisha nikaona macho yake yameshuka sakafuni, na hayatoki.

"Mzee," akasema taratibu. "Vidole vyako."

Nikatazama chini. Vyote kumi vilikuwa vimejikunja.

"Usisogee. Niambie, nini kimekuogopesha sasa hivi?"

"Wewe, dada. Umenyamaza."

Akageukia kibodi kabla sijamaliza. Akafungua filamu na kuanza kufuta. Akafuta mifupa ya ghorofa ya kwanza, ya pili, ya tatu. Akafuta tende na kiatu. Kazi yangu yote ya mwezi mmoja ikaondoka kwa dakika ishirini, nami nimesimama pekupeku naitazama ikienda. Akabakisha kengele ndogo ya lifti, ile ting, na pumzi za bibi. Uso wa zamani akaurudisha. Kisha akanyoosha mkono kwenye kiti.

"Naijua yote kwa moyo, dada. Sitaogopa."

"Keti."

Nikaketi. Ting, mlango ukafunguka, hakuna mtu. Masikio yangu yakangoja khubz, haikuja. Ghorofa ya pili nikangoja tena, najua kabisa ni sekunde gani, na sekunde ikapita tupu. Ghorofa ya tatu nilikuwa sitaki tena mlango ufunguke. Nilikuwa nikijiuliza kama mifupa haialiki, basi huyo aliyeingia anatembeaje? Ghorofa ya nne bibi akaacha kupumua. Sikupiga ukelele wowote. Taa zilipowashwa nilikuwa nimekumbatia mto wa kijani.

"Aki Mzee, vyote kumi!" Mwende alikuwa amepiga magoti mbele ya kamera ya miguu. "Hadi kale kadogo!"

"Imepita," akasema Achieng.

Mteja alituma video nyingine. Yule jamaa wa chipsi alikuwa ukumbini tena na pakiti yake, kaileta makusudi kwa ajili ya mzaha. Ghorofa ya tatu aliishusha mapajani, na hakuifungua mpaka mwisho. Nimeitazama video hiyo mara nyingi kuliko video ya harusi ya binti yangu, na binti yangu analijua hilo. Ofisi haikufungwa, na ndiyo hiyo mnayoingia kila asubuhi.

Achieng alinisema baadaye, siku imetulia, tukinywa chai. Hakupandisha sauti. "Kutoogopa si kosa, Mzee. Ungekuja tungecheka, tukatafuta dawa. Lakini ulinivalia soksi." Nilimwomba radhi, na namwomba tena hapa mbele yenu. Kuanzia siku hiyo ikawekwa sheria ambayo wageni mmeikuta ukutani bila maelezo: aliyetia sauti haketi kitini kwa filamu hiyo, na anayeketi avue kila kitu kuanzia kifundo cha mguu kushuka chini. Soksi zenyewe ziko kwenye droo ya chini ya Achieng. Zisivaliwe na mtu, hata Januari.

Nilipofikisha sitini nikaaga. Achieng aliandaa chakula kwake Al Wukair, samaki wa kwao na pilau ya kunifurahisha mimi, na Mwende alikuwa ameunga picha za miguu yangu ya miaka yote, vidole vikijikunja na kukunjuka kwa muziki wa taarabu. Tulicheka hadi jirani akagonga ukuta. Niliwaambia nafurahi kurudi kwetu, nimechoka kuogopa, sasa nataka kulala mchana. Niliwaambia hivyo kwa uso mchangamfu sana. Achieng akanitazama, nikaona anatafuta miguu yangu chini ya meza, lakini siku hiyo nilikuwa nimevaa viatu.

Uwanja wa ndege, kwenye ukaguzi, wakaniambia nivue viatu niviweke kwenye trei. Nikavua. Sikuwa nimevaa soksi, miaka hiyo yote ilinizoeza kukaa bila soksi. Nikapita mlango wa mashine, nikasimama upande wa pili kungoja trei yangu, nikatazama chini kwa mazoea tu. Vyote kumi. Vimejikunja kwenye sakafu ile baridi kama siku ya bibi wa lifti, hadi kale kadogo. Nikaanza kucheka huku machozi yananitoka. Askari mmoja akanisogelea, "Shfeek, hajji? Una nini?" Nikamwambia mafi mushkila, hakuna shida, nakwenda nyumbani.

Nilipofika kwenye viti vya kungojea ndege nikavua viatu tena, na vidole vilikuwa havijakunjuka bado. Nikaipiga picha miguu yangu, nikamtumia Achieng bila neno lolote.

Jibu lilikuja kabla hawajaanza kutuita. Neno moja.

"Imepita."